Maniema: Kufika si kupita, na kompyuta haisamehe anayechanganya

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, ule ambao wengi wanauita Exetat, simu za Kasongo na Kabambare hazilali. Mzazi anatuma namba ya mtoto, anangoja, ujumbe unaingia. Aliyepata 62 anamwagiwa poda nyeupe kichwani na barabara nzima inajua. Aliyepata 43 anajifungia chumbani. Kuhusu hao wawili hakuna ubishi. Ubishi unaanza kwa yule aliyepata 50 kamili, kwa sababu kiwango cha kufaulu ni 50. Huyu amefika. Lakini je, amepita?

Kanuni ya mtihani inasema kufika kunatosha. Mwenye 50 ana diploma yake sawasawa na mwenye 62. Ila kanuni hiyo haifanyi kazi yenyewe. Pointi zinaingizwa ndani ya kompyuta, na mahali fulani ndani ya programu kuna mstari mfupi unaolinganisha pointi za mtoto na namba 50. Kati ya hizo mbili kuna alama ndogo. Ikiwa alama hiyo ni >=, mtoto wa 50 anaingia. Ikiwa ni > peke yake, anabaki nje, na mwaka mzima wa karo, wa madaftari na wa kutembea kwa miguu umepotea kwa sababu ya kistari kimoja kilichosahauliwa.

Watu wa kusini mwa Maniema wana bahati moja hapa. Kiswahili chao kimeshafanya nusu ya kazi. Sokoni, mama muuzaji anasema fungu hili ni kubwa kupita lile. Shambani, mkulima anasema mihogo ya mwaka huu imefikia ile ya mwaka jana. Kupita na kufikia ni vitenzi viwili tofauti, na hakuna mtu wa Kasongo anayevichanganya anapopanga bei. Lugha za kompyuta zinafanya tofauti ileile. Alama > ni kupita. Alama >= ni kufikia au kupita. Alama < ni kuwa chini ya kitu, na <= ni kuwa chini yake au kulingana nacho. Zinabaki mbili: == inayouliza kama vitu viwili ni sawa, na != inayouliza kama si sawa. Jumla ni sita tu, na lugha nyingi zinazotumiwa leo, kama C, Java, Python na JavaScript, zinazo zote.

Alama hizi si ngeni. Alama ya sawa, =, ilichapishwa mwaka 1557 na Robert Recorde, mtu wa Wales. Zile za < na > zilitokea katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot kilichochapishwa mwaka 1631, miaka kumi baada ya kifo chake. Wanafunzi wa Kabambare wanazijua tangu shule ya msingi. Kilichobadilika ni kwamba zamani alama hizo zilikaa ubaoni, mwalimu akikosea mwanafunzi anainua mkono. Leo zinakaa ndani ya mashine ambayo hakuna anayeinulia mkono.

Jibu la alama ya kulinganisha ni moja kati ya mawili: kweli au si kweli. Hakuna karibu, hakuna kidogo tu. Chifu wa kijiji akiletewa kijana aliyekosa siku mbili kutimiza umri, anaweza kuuliza wazazi, kutazama hali, kuamua. Kompyuta haiwezi. Inalinganisha ilichoambiwa ilinganishe, kwa alama iliyopewa, inatoa jibu na kwenda kwa mtu anayefuata. Ndiyo maana anayechagua alama ndiye anayeamua, hata kama jina lake halionekani popote.

Wakongomani wameshaona uzito wa jambo hili, ingawa wachache wamelitazama kwa jicho hilo. Katiba ya mwaka 2006 ilimtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura. Hiyo ni alama ya kupita: kura > 50%. Mwaka huohuo, katika duru ya kwanza, Joseph Kabila alipata 44.81% na Jean-Pierre Bemba 20.03%. Hakuna aliyepita 50, kwa hiyo nchi ikarudi kwenye masanduku kwa duru ya pili, na Kabila akashinda kwa 58.05%. Januari 2011, katiba ilibadilishwa. Tangu hapo inatosha mtu kuwapita wenzake, hata asipoifikia nusu. Novemba 2011, kwa matokeo yaliyotangazwa, Kabila alikuwa na 48.95% na Étienne Tshisekedi 32.33%. Chini ya alama ya zamani pangekuwa na duru ya pili. Chini ya alama mpya kazi ilikwisha siku hiyo. Kinacholinganishwa ndicho kilichobadilika: mwanzo ilikuwa mgombea na nusu ya kura, baadaye ikawa mgombea na mgombea mwenzake.

Kwa wabunge pia ni hivyo. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2017 iliweka kizingiti cha 1% ya kura za nchi nzima kwa chama au muungano unaotaka viti vya bunge la taifa. Mgombea anaweza kukusanya kura nyingi Kabambare na bado akaanguka, kwa kuwa kura zake hazilinganishwi na za jirani yake wa Kabambare peke yake. Zinabebwa pamoja na za chama chake chote na kulinganishwa na namba iliyopatikana kwa kuhesabu nchi nzima. Raia asiyejua ni nini kinalinganishwa na nini atasema ameibiwa, hata pale ambapo hajaibiwa. Na siku akiibiwa kweli, hatajua aonyeshe wapi.

Hapo ni kwenye namba, ambako mambo ni mepesi. Ugumu unaanza pale kompyuta inapolinganisha maandishi.

Kwa kompyuta, 9 iliyoandikwa kama namba na "9" iliyoandikwa kama neno si kitu kimoja. Ukiuliza kama 9 > 10, jibu ni si kweli, kama kila mtoto ajuavyo. Lakini ukiuliza kama "9" > "10", zote mbili zikiwa maandishi, jibu ni kweli. Sababu ni kwamba maneno yanalinganishwa kama katika kamusi, herufi kwa herufi kuanzia kushoto, na 9 iko mbele kupita 1. Mashine haitazami zaidi.

Sasa chukua tarehe za kuzaliwa. Kwa uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, aliyeruhusiwa kujiandikisha ni yule aliyekuwa anatimiza miaka 18 kufikia siku hiyo, yaani aliyezaliwa tarehe 20 Desemba 2005 au kabla yake. Tuseme mtu fulani ameandika programu yake ya orodha na kuacha tarehe kama maandishi, siku ikitangulia kama tulivyozoea: 20/12/2005. Anakuja mtoto aliyezaliwa 03/01/2006. Mashine inaona 0 na 2, inasema 0 iko chini, mtoto anaingia, ingawa hajafika umri. Nyuma yake anakuja mwanamke aliyezaliwa 25/03/1990, mwenye watoto wanne. Mashine inaona 25 na 20, inasema 25 imepita, mama anafukuzwa. Hakuna anayedai kwamba mashine za CENI ziliandikwa hivyo. Lakini orodha za misaada, za mikopo, za mafunzo ya vijana na za vyama vya akiba zinaandikwa kila siku na watu waliojifunzia kazi kazini. Dawa yake inajulikana: tarehe iwekwe kama tarehe, au iandikwe mwaka kwanza, 2005-12-20, na hapo hata mpangilio wa kamusi unatoa jibu sahihi.

Lugha zenyewe hazikubaliani jinsi ya kumtendea mtu anayechanganya namba na maandishi. JavaScript, iliyotoka mwaka 1995, ukiipa "18" na 18 na kuuliza kwa ==, inabadilisha neno kuwa namba kimyakimya na kusema ni sawa. Ndiyo maana ina alama nyingine ya ===, inayokataa kubadilisha chochote na kusema si sawa. Python ya leo, ukiiuliza kama "18" > 17, inasimama na kulalamika. Wengi wanaoanza wanaichukia kwa hilo. Wangepaswa kuishukuru. Karani anayesimamisha kazi na kuuliza ana faida kupita karani anayebahatisha ili foleni iende mbele.

Pigo kubwa kwa Kasongo liko kwenye majina. Huu ni mji ulioishi na Kiswahili na Uislamu tangu siku za Tippu Tip, kisha ukapata misheni, shule na ofisi za Kifaransa. Majina ya watu yamebeba historia hiyo yote. Mtu mmoja ni Ramazani kwenye kadi ya mchaguzi, Ramadhani kwenye cheti cha madrasa, na Ramazan kwenye orodha ya mshahara. Mwingine ni Assani hapa na Hassani pale. Mama anaitwa Zaina, ofisini wakaandika Zaïna. Kwa jirani, huyo ni mtu yuleyule. Kwa alama ==, hayo ni majina tofauti kabisa. Hata RAMAZANI kwa herufi kubwa na Ramazani kwa herufi ndogo si sawa. Hata nafasi tupu moja iliyoachwa mwishoni, ambayo jicho haliioni, inatosha kumkataa mtu.

Upande wa pili, wanaume wawili wanaweza kuitwa Amisi Ramazani, mmoja wa Kasongo mjini na mwingine wa Salamabila. Majina yao ni sawa, watu si yuleyule. Kiswahili kinatenganisha maneno hayo mawili, na Python nayo inatenganisha: ina njia moja ya kuuliza kama vitu viwili vinafanana, na njia nyingine ya kuuliza kama ni kitu kimoja. Anayesafisha orodha ili kuondoa watu walioandikwa mara mbili na kutegemea jina peke yake atamfuta mwalimu mmoja kwa kosa la kuitwa kama mwenzake. Tangu serikali ilipoanza mwaka 2011 kupitisha mishahara ya watumishi wake benki, jina lililo kwenye orodha ndilo linalofungua pesa. Mwalimu wa kijiji cha Kabambare ambaye jina lake la orodhani halilingani na la kadi hapotezi herufi. Anapoteza mwezi, na safari ya kwenda kulalamika inakula mwezi mwingine.

Kuna wale ambao hali yao ni mbaya kupita hiyo: wasio na tarehe kabisa. Mapigano ya vikundi vya Mai-Mai upande wa Salamabila yamewafukuza watu majumbani, na anayekimbia usiku habebi cheti cha kuzaliwa. Wazee wengi hawakuwahi kuwa nacho. Kwenye orodha, sanduku la tarehe linabaki tupu. Katika SQL, lugha inayotumiwa sana kuhifadhi orodha kubwa, kulinganisha kitu tupu hakutoi kweli wala si kweli. Kunatoa haijulikani. Ukiomba wenye miaka 18 na zaidi, mtu huyo hayumo. Ukiomba walio chini ya 18, hayumo pia. Unajumlisha orodha mbili, unadhani umemaliza watu wote, kumbe mama mzima amepotea katikati bila mlio wowote. Programu haikuonyesha kosa, kwa sababu kwa upande wake hakuna kosa. Aliyeandika ndiye aliyesahau kuuliza swali la tatu: nani hana tarehe?

Dhahabu nayo ina lake. Salamabila na Namoya zinaishi kwa dhahabu, na kila mchimbaji anajua mizani: upande mmoja ukishuka umepita, zikilingana ni sawa. Mizani ina uvumilivu kidogo, kompyuta haina. Ukiiambia ijumlishe gramu 0.1 na gramu 0.2, kisha iulize kama jumla == 0.3, katika Python na JavaScript itajibu si kweli. Sio mzaha. Kompyuta inahesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kwa hesabu hiyo 0.1 haiishi, kama vile kwetu theluthi moja inavyoandikwa 0.333 bila mwisho. Inakata mahali, kinabaki kichembe, na alama == inakiona kichembe hicho. Mwenye kuandika daftari la ununuzi kwenye kompyuta anapaswa kuhesabu miligramu kamili: 100 na 200 ni 300, na hapo jibu ni kweli. Pesa vilevile, zihesabiwe kwa franga kamili.

Wengine watasema haya ni mambo ya wahandisi wa Kinshasa. Watasema Kasongo inahitaji barabara kwanza, umeme kwanza, usalama kwanza. Madai hayo ni ya haki. Lakini kompyuta haikungoja barabara. Imeshafika, imebebwa kwa pikipiki na kuchajiwa kwa sola, na inaamua nani anapiga kura, nani analipwa, nani anapata unga wa msaada na nani amefaulu. Walioko mbali na ofisi ndio wanaoumizwa zaidi na alama mbaya. Mtu wa Gombe akikataliwa na mashine anavuka barabara na kuuliza. Mtu wa Kabambare anavuka mito.

Kwa hiyo mambo matatu yanapaswa kudaiwa, na hayagharimu barabara. La kwanza, kila tangazo lenye mpaka liseme wazi kama ni kufikia au kupita, na litoe mfano wa mtu aliye juu ya mpaka wenyewe. Tangazo la nafasi za "vijana wa miaka 15 hadi 35" liseme kama aliyetimiza 35 jana yumo. Anayeandika programu naye ajaribu watu watatu: wa 34, wa 35 na wa 36. Jaribio hilo dogo linakamata makosa mengi. Lingekamata hata lile la waandishi wa C wanaoandika 15 <= umri <= 35 kama wanavyoandika ubaoni. C inasoma nusu ya kwanza, inapata jibu la 1 au 0, kisha inauliza kama jibu hilo liko chini ya 35. Liko chini daima, na hapo mzee wa miaka 70 na mtoto wa miaka 8 wote wamekuwa vijana.

La pili, anayekataliwa na mashine aambiwe ni ulinganisho gani uliomkataa. "Mfumo umekataa" si jibu. Jibu ni: jina lako kwenye kadi lina H, kwenye orodha halina. Hapo mtu anajua aende wapi, na karani anajua arekebishe nini.

La tatu, pasiwe na jina linalofutwa kwenye orodha ya mshahara au ya msaada kwa uamuzi wa alama == peke yake. Mashine ionyeshe waliofanana na wasiolingana, kisha wanaowajua watu hao, mkuu wa shule, chifu, jamii ya raia, waseme nani ni nani. Kazi hiyo wanaiweza. Wanaifanya kila siku misibani na harusini.

Shule za Kasongo na Kabambare nazo zina sehemu yao. Si lazima kuwe na chumba cha kompyuta ili kufundisha alama sita. Ubao unatosha, pamoja na maswali ya nyumbani: Nani anaruhusiwa kupiga kura? Aliyepata 50 amefaulu? Assani na Hassani ni mtu mmoja? Mwanafunzi anayejibu hayo kwa alama, na kueleza kwa nini amechagua >= badala ya >, ameshaanza kuandika programu kabla ya kugusa kompyuta. Huenda yeye ndiye atakayeandika orodha za kesho, na mtu wa mbali anayejua kwamba Ramazani na Ramadhani wanaweza kuwa mtu mmoja atakuwa amepungua kwa mmoja.